Macho ya Mvuvi katika Bonde la Kilombero

Mwaka wa bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, hauanzi Januari. Unaanza siku mto unapobadilika rangi. Ifakara jua linaweza kuwa bado linachoma na vumbi limejaa barabarani, lakini huko juu Njombe na Mufindi mvua imeshapiga, na maji yake yameteremka kwa Ruhudji, Mnyera na Mpanga hadi huku chini. Mvuvi anaamka alfajiri anakuta mto umekuwa wa udongo, una povu, unabeba majani makavu na vijiti katikati ya mkondo. Hasubiri utabiri wa redio. Siku hiyohiyo anaanza kukagua migono yake, mitego ya kusukwa ya kunasia samaki.

Mimi nimekulia karibu na maji hayo, na aliyenifundisha kuyasoma ni mjomba wangu, mtu wa kabila la Wandamba, wenyeji wa bonde hili, na wa mtumbwi tangu utotoni. Kwa miaka mingi nimewasikia wageni, na siku hizi hata vijana wetu waliosomea utalii, wakigawa maisha ya bondeni katika mafungu: huyu ni mvuvi, yule alikuwa mwindaji, na wale wenye darubini shingoni ndio watazamaji wa wanyama. Mgawanyo huo sijawahi kuuona kwa mjomba wala kwa wazee wa rika lake. Kwao kuvua, kuwinda na kutazama ni ujuzi mmoja wa kujua nani yuko wapi, anafanya nini, na kesho atahamia wapi. Ninaandika kwa sababu ujuzi huo unapungua haraka kuliko hata wanyama wenyewe, na sioni watu wengi wakiulilia.

Kwanza niseme bonde lenyewe lilivyo, kwa msomaji asiyelijua. Lina urefu wa karibu kilomita 250, na mahali pengine upana wake hufika kilomita 65. Kaskazini-magharibi imesimama milima ya Udzungwa, ambako kilele cha Luhombero kinafika mita 2,576; kusini-mashariki kuna milima ya Mahenge. Katikati ni tambarare tupu. Masika ikikolea, mto unaacha njia yake na kulala juu ya nyasi, kiasi kwamba mwezi wa nne unaweza kupiga upondo mahali ambapo mwezi wa tisa utapita kwa baiskeli. Mwaka 2002 bonde hili liliandikishwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, karibu hekta laki nane. Takriban asilimia 62 ya maji ya mto Rufiji hutoka hapa, kwa hiyo mtu anayewasha taa Dar es Salaam kwa umeme wa Bwawa la Julius Nyerere anatumia, kwa sehemu kubwa, maji yaleyale yaliyopita kwanza kwenye nyasi zetu.

Na kwenye nyasi hizo ndiko samaki wanakozaliwa. Jambo hili wengi hawalijui: hudhani samaki ni wa mto, na mafuriko ni balaa tu. Kambale anasubiri mafuriko mwaka mzima. Maji yakianza kupanda juu ya kingo, kambale wakubwa wanatoka mtoni usiku na kuingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji ya kina kifupi kutaga mayai. Unawasikia kabla hujawaona, wanavyopiga mikia ndani ya nyasi. Ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana maji machache yaliyochacha hayamsumbui, na akibanwa anaweza kujikokota juu ya tope mpaka dimbwi jingine. Watoto wake wanakulia mbugani, kwenye vuguvugu na wadudu tele, na maji yakianza kushuka wanarudi mtoni wakiwa wamenona.

Mgono umejengwa juu ya elimu hiyo. Ni mtego wa fito na matete yaliyosukwa, mrefu, wenye mdomo mpana unaoishia kwenye tundu jembamba lenye ncha zinazoelekea ndani; samaki anaingia kwa urahisi, kutoka hawezi. Kuusuka ni kazi ya mikono tu. Kazi ya akili ni kuutega. Maji yakiwa yanapanda, mdomo unaelekezwa mtoni, kwa sababu samaki anatoka huko. Yakishaanza kushuka, unageuzwa kuelekea mbugani. Mwenye kugeuza mapema anakosa, na mwenye kuchelewa anakosa zaidi. Mjomba alikuwa anachomeka kijiti kwenye tope ukingoni jioni, asubuhi anakwenda kukiangalia kabla ya kuzungumza na mtu. Nilipomuuliza kwa nini asiangalie tu mto kwa macho, alinijibu, "Mjomba, mto mkubwa hauonyeshi haya yake. Kijiti kinasema kweli."

Perege naye ana mambo yake. Huyu wa Rufiji na Kilombero, ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis urolepis, jike lake hubeba mayai mdomoni. Dume anachimba kiota chini kwenye mchanga au tope, jike anataga, kisha anayazoa mayai yote na kuyaweka kinywani, na yakishaanguliwa watoto wanaendelea kukimbilia humo kila wakiona hatari. Wakati wote huo hali chakula, au anakula kidogo sana. Kwa hiyo ndoano haimpati kwa urahisi, kwa kuwa hana haja ya chambo. Wavu ndio unaomzoa pamoja na kizazi chake chote. Mjomba akitoa perege wavuni alimbonyeza kidogo chini ya kidevu, na akiona vijidudu vyeusi vinamwagika kutoka mdomoni alimrudisha majini bila kusema neno. Hakuwa amesoma sheria ya uvuvi ya mwaka 2003. Alijua kwamba yule mmoja ni mamia ya perege wa mwakani.

Hapa lazima niseme kuhusu vyandarua, ingawa ni jambo linaloniuma. Ifakara ni mji ambao dunia nzima inaujua kwa utafiti wa malaria. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ulisambaza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua vile viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Hakuna mzazi wa bonde hili anayeweza kulichukulia hilo kwa wepesi. Wapo watu wazima leo, wana watoto wao, ambao wasingekuwapo. Lakini chandarua kilichochakaa kikishonwa na vingine na kukokotwa kwenye maji ya kina kifupi, kinachota kila kitu: vifaranga vya kambale, perege wa ukubwa wa ukucha, mayai, viluwiluwi. Wanaokokota ni maskini wanaotafuta kitoweo cha jioni, mara nyingi akina mama na watoto, kwa hiyo sina ulimi wa kuwatukana. Ila kila mmoja wetu aseme wazi kwamba nguo iliyomwokoa mtoto kitandani haifai kumaliza chakula chake mtoni.

Kuna samaki mwingine, yule ambaye wageni humwita tigerfish, aliyebadilisha mazungumzo ya fedha bondeni. Ana mwili wa fedha wenye mistari myeusi, mapezi ya mkia yenye wekundu, na meno yanayoonekana hata akifunga mdomo. Aina mojawapo ilipewa jina la nchi yetu kitaalamu, Hydrocynus tanzaniae, mwaka 1986. Kwa mvuvi wa nyavu ni adui, anakata nyuzi na kula samaki walionaswa. Kwa wageni ndiye mfalme. Wanasafiri kutoka mabara mengine hadi Mnyera na Ruhudji kumvua kwa fimbo nyepesi na ndoano iliyofungwa manyoya, wanapigana naye, wanampiga picha, wanampima, kisha wanamrudisha majini. Wapo wanaoona kwamba huo ni ubadhirifu wa nguvu. Mimi siuoni hivyo. Mtu anayelipa ili samaki aendelee kuishi amekubali kwamba samaki yule ana thamani akiwa hai, na hilo wazee wetu walilijua kwa perege mwenye watoto mdomoni. Ninachodai ni kwamba fedha ile ifike kijijini, kwenye zahanati na madawati, na ifike kwa kuonekana.

Uwindaji ni habari nzito zaidi. Wandamba walikuwa wawindaji wanaojulikana; mwaka 1926 jarida la anthropolojia la Uingereza lilichapisha makala nzima juu ya mila zao za kuwinda, kwa sababu mila zilikuwa nyingi na kali. Mwindaji akiwa porini, mkewe nyumbani alikuwa na miiko yake. Zilikuwapo dawa, yalikuwapo matambiko, palikuwa na mgawo wa nyama wenye utaratibu usiovunjwa. Ninapowasikia vijana wakiyaita hayo yote ushirikina nasikitika, maana ndani yake mlikuwa na breki. Mtu ambaye lazima atimize masharti kabla ya kutoka hawezi kutoka kila siku, na asiyeweza kutoka kila siku hawezi kumaliza wanyama.

Wazee wenye magobole walikuwa na risasi moja. Gobole likishalia, kulijaza tena ni kazi ya dakika nyingi, na nyati hasubiri. Kwa hiyo mwindaji alilazimika kusogea karibu mno, na kusogea karibu kulihitaji kujua upepo. Walibeba majivu kwenye kifuko kidogo cha kitambaa. Ukikikung'uta, majivu yanaonyesha hewa inakwenda wapi. Walijua mnyama anakunywa saa ngapi, analala upande gani wa kichuguu, na kinyesi kina umri gani kwa kukigusa tu. Walitazama kwa saa nyingi ili wapige mara moja. Ukiniuliza mimi, hao ndio watazamaji wa wanyama wa kwanza wa Kilombero.

Kisha ukaja waya wa kutegea. Mtego wa waya hauchagui. Unakamata jike mwenye mimba, unakamata mtoto, unakamata mnyama ambaye mwenye mtego hatamfikia kwa siku tatu, akute fisi wameshamaliza. Unakata mkonga wa tembo aliyekuwa anapita tu. Mwenye kutega waya hahitaji kujua upepo wala nyayo; anahitaji waya na mteja. Huo siuiti uwindaji, nauita uvunaji wa kipofu, na nina hakika wazee wale wangekataa kukaa nao kwenye mkeka mmoja. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka leseni kwa kila mnyama anayewindwa, na tangu kanuni za mwaka 2020 nyamapori inaweza kuuzwa kwenye mabucha yaliyosajiliwa. Ni njia nzuri ikiwa itasimamiwa kwa haki, kwa kuwa kitoweo cha halali kinapunguza soko la kile cha usiku.

Mnyama aliyelipia kosa hilo kuliko wote hapa kwetu ni sheshe. Msomaji wa Arusha au Mombasa huenda hajawahi kumwona hata kwenye picha. Ni swala wa ukubwa wa wastani, rangi ya dhahabu iliyokolea, manyoya marefu kidogo. Dume ana pembe zilizopinda nyuma na kurudi mbele, jike hana. Anaishi pale majani ya mbuga yanapokutana na maji, si ndani ya kinamasi na si mbali nacho. Maji yakipanda anarudi nyuma hadi ukingo wa miti, yakishuka anayafuata akila majani machanga. Kwa maneno mengine anafanya mwaka mzima kile anachofanya mvuvi. Dume akilinda eneo lake anapiga mluzi, mara kwa mara, mluzi mkali unaovuka maji asubuhi. Iliwahi kukadiriwa kwamba takriban robo tatu ya sheshe wote duniani walikuwa katika bonde hili moja. Leo unaweza kupiga upondo tangu asubuhi hadi mchana usione hata mmoja mahali ambapo mjomba alikuwa akihesabu makundi mpaka akachoka kuhesabu.

Sababu zinajulikana. Mashamba ya mpunga yamefuata maji hadi ndani, mifugo mingi imeingia kutoka mikoa ya mbali tangu miaka ya tisini na baada yake, mioto ya kiangazi inapita mara mbili kwenye ardhi ileile, na waya umejaa kwenye mapito. Mwaka 2012 ilifanyika operesheni kubwa ya kuondoa mifugo bondeni, na watu waliumia. Sipendi hadithi inayomtupia lawama mfugaji Msukuma au Mbarabaig peke yake, kwa sababu naye alifukuzwa na ukame na mipaka mahali pengine, na mchele wa Kilombero ambao kila mtu anausifu mezani umelimwa juu ya malisho ya sheshe. Sote tumekula sehemu yake.

Mwaka 2023 sehemu kubwa ya bonde ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba Kilombero. Kabla ya hapo lilikuwa pori tengefu, na kwa kweli ulinzi wake ulikuwa wa karatasi. Naunga mkono hatua hiyo. Bila eneo ambalo jembe haliingii, sheshe atabaki kwenye nembo tu. Lakini pori la akiba lina masharti, haliingiliki bila kibali, na mvuvi wa kambi za ndani, yule aliyekuwa anahama na maji na chanja yake ya kukaushia samaki, ndiye wa kwanza kukuta njia imefungwa. Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tukimtoa mvuvi mbugani tunatoa na macho yake, na macho hayo hayana mbadala.

Niliwahi kukaa na mjomba kwenye mtumbwi mwezi wa tisa, jua halijapanda, tukipita kando ya matete marefu kuliko mtu aliyesimama. Nikaona ndege weupe mbele yetu, nikadhani wako juu ya majani.

"Unaona nini pale, mjomba?" akaniuliza.

"Yangeyange."

"Wamesimama juu ya nini?"

Nikakaza macho. Majani hayakuwa yanacheza kwa upepo, maana upepo haukuwapo. Walikuwa juu ya migongo ya nyati, ndani ya matete, umbali ambao mtu asiyejua angeupita akiimba. Akanieleza taratibu: yangeyange wakiruka kidogo na kutua palepale, nyati wanatembea wanakula, pita zako. Wakipaa wote na kwenda mbali, nyati wamestuliwa, na huenda aliyewastua ni wewe. Akanieleza pia kwamba korongo na kwarara wakijaa mahali pamoja kiangazi, pana dimbwi linalokauka na samaki wamebanwa humo. Nenda, lakini nenda ukijua kwamba mamba naye anawaona korongo. Na maji usiyachote mahali pamoja kila siku kwa saa ileile, kwani mamba anajifunza zamu ya mtu. Hii elimu haijaandikwa kwenye kitini cha mafunzo ya waongoza watalii.

Kuna ndege mdogo wa manjano, mnana wa Kilombero, Ploceus burnieri, anayejenga kwenye matete ya ukingo wa mto na haishi popote duniani nje ya bonde hili. Aliingia kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1990 tu. Watu wa Kivukoni walikuwa wakikata matete kando ya viota vyake miaka yote, na wanajua ukingo upi ana viota na ukingo upi amehama. Tangu Daraja la Magufuli la mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018, lenye urefu wa mita 384, magari yanavuka juu yake kwa dakika moja. Enzi za kivuko watu walisubiri ukingoni na kumwona. Siwatamanii watu adha ya kivuko, kiliwahi kuua. Nasema tu kwamba njia moja ya kumfahamu ndege yule imefungwa, na inafaa tufungue nyingine.

Ukitaka kuja kutazama, njoo kati ya Agosti na Oktoba, maji yakiwa yameshuka na wanyama wamesogea mtoni. Pata kibali cha kuingia porini kabla hujafika ukingoni. Mvuvi asiingizwe matatani kwa ajili ya picha zako. Vaa nguo isiyong'aa, beba maji ya kunywa, na ukikuta kambi ya halali salimia wazee kwanza. Kaa mbele ya mtumbwi, mwache mwenyeji nyuma na upondo wake, na usiongee hovyo. Viboko wakijitokeza usimhimize asogee. Ukisikia mluzi wa sheshe utajua mwenyewe.

Na kwa wenye mamlaka ninalo ombi moja, ambalo halihitaji mfadhili. Vikundi vya ulinzi shirikishi wa rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, vimezoea kuandika samaki waliotua: aina, uzito, zana. Ongezeni safu nyingine kwenye fomu ileile. Sheshe wangapi wameonekana na wapi, waya wangapi umeng'olewa, maji yamefika kijiti cha ngapi, mnana wamejenga ukingo upi. Mvuvi aandike, au mwanawe amwandikie, na mwisho wa mwezi karatasi zipelekwe kwa wahifadhi wa pori. Wale waliobaki na ujuzi huo wamezeeka, kwa hiyo fomu hizo zianze masika haya.